KAMATI YA SHULE SIYO MUHURI

Maneno ya uongozi wa tawi kwenye kikao cha wanachama na wazazi, Jumapili alasiri, ofisi ya tawi. Tunayatuma hapa kwa ombi la waliokosa nafasi na walioko safarini. Ni marefu kidogo, msome taratibu, na aliye na mzee asiyetumia simu amsomee.

Ndugu wanachama, wazazi, wazee wetu, akina mama, na nyie vijana wa bodaboda mliosimamisha kazi kuja kutusikiliza:

Tumewaita kwa jambo moja tu. Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, kuna mkutano mkuu wa wazazi pale shule ya msingi, na ajenda ya tatu ni kuchagua kamati ya shule. Mara ya mwisho ajenda hiyo ilipokuja tulikuwa wazazi thelathini na kitu. Shule ina watoto mia tisa na ushee. Waliochaguliwa siku ile walichaguliwa kwa sababu walikuwa wamekaa mbele, au kwa sababu walitoka kwenda kupokea simu na waliporudi wakakuta majina yao yameshaandikwa. Tunacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa, na baadhi yetu tuliopo hapa ndio tuliowapigia makofi.

Sasa tueleze kilichotokea mwaka huu, maana habari zimezunguka mtaani kwa namna tano tofauti.

Shule ilipata fedha za serikali za kujenga madarasa mawili. Utaratibu uliotumika ni ule tunaouita force akaunti: shule yenyewe inanunua vifaa, inaajiri fundi wa hapa hapa, na wananchi wanaunda kamati ndogo ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mhandisi wa halmashauri analeta michoro na makadirio na anakuja kukagua. Huo ni utaratibu mzuri. Umejenga madarasa mengi nchi hii kwa bei ambayo mkandarasi asingeikubali. Yale madarasa elfu kumi na tano ya fedha za UVIKO mwaka 2021, kwa milioni ishirini kila darasa, yalijengwa kwa njia hiyo, na mengi yanatumika hadi leo.

Kamati ya shule ilipokaa kupokea habari ya fedha hizo, wajumbe walisema vyoo vya wasichana vimetitia upande mmoja, watoto wa darasa la sita na la saba wanaomba ruhusa kwenda nyumbani na hawarudi siku hiyo. Wakauliza kama inawezekana kuanza na vyoo, halafu darasa moja. Jibu lilikuwa kwamba fedha zimekuja na maelekezo yake, ni za madarasa, haziwezi kuhamishwa. Jibu hilo lilikuwa sahihi kisheria, tusidanganyane. Fedha ya mradi haibadilishwi matumizi kwa sababu kamati imependa. Lakini hakuna aliyewaambia wajumbe kwamba wanaweza kuandika hoja ya vyoo kwenye muhtasari na kuipeleka halmashauri kupitia kwa diwani iingie kwenye bajeti inayofuata. Hoja ikafia pale pale. Vyoo bado vimetitia.

Kisha likaja jambo la saruji. Siku vifaa vilipofika, hati ya mapokezi ilisema mifuko mia moja na ishirini. Kamati ya mapokezi ikahesabu tisini. Mama mmoja mjumbe, wengi mnamjua, ni mwuza maandazi pale kona, akasema hasaini mia na ishirini wakati macho yake yameona tisini. Dereva akasema mingine inakuja. Mama akasema basi ikija tutasaini mingine. Hakupiga kelele. Aliweka kalamu chini, basi.

Siku ya pili mwenyekiti wa kamati na mama yule wakaitwa. Hatutataja ofisi wala mtu, kwa sababu tumekwisha kuandika barua na tunasubiri majibu, na tawi hili halihukumu watu kwenye simu. Walichoambiwa ni kwamba wanakwamisha mradi wa serikali, kwamba mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni na fedha zisipotumika zitarudi Hazina, na wao ndio watakaowaeleza wananchi kwa nini. Mmoja akaongeza kwamba kuna watu wamelala ndani kwa makosa madogo kuliko hayo.

Mwenyekiti alirudi akiwa kijivu usoni. Mama alirudi akakaanga maandazi. Baada ya siku tisa mifuko thelathini ikaletwa, ikahesabiwa, ikasainiwa. Ndugu zetu, mifuko ile ilikuwa ipo muda wote mahali fulani. Ilikuja kwa sababu mtu mmoja hakusaini.

Na wiki mbili baadaye tukasikia kamati hiyo muda wake umekwisha, ivunjwe, na kwamba majina ya kamati mpya "yataandaliwa". Ni kweli muda umekwisha. Hilo hatubishi. Tunachobisha ni hilo neno la kuandaliwa. Wazazi wanaingia kwenye kamati ya shule ya msingi kwa kuchaguliwa na wazazi, mkutanoni, mchana kweupe. Hawaandaliwi.

Sasa wengi mnatuuliza: kati ya kamati ya shule na wilaya, nani mkubwa? Swali hilo ukiliuliza hivyo utapotea, kwa sababu kila mmoja ni mkubwa kwenye jambo lake, na ugomvi wote unatokana na mtu kuvuka kwenda kwenye jambo la mwenzake. Ngoja tuligawe.

Mwalimu anaajiriwa na serikali kuu, mshahara unatoka huko, na nidhamu yake iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kamati haiajiri mwalimu wala haimfukuzi. Mwalimu mkuu hateuliwi na kamati. Anachofundisha mwalimu kinatungwa na Taasisi ya Elimu, mtihani ni wa NECTA, na wanaokuja kuangalia ufundishaji, zamani tukiwaita wakaguzi, siku hizi wathibiti ubora, wako Wizara ya Elimu. Majengo, uendeshaji na maafisa elimu wako chini ya TAMISEMI kupitia halmashauri. Yaani shule moja ya msingi ina wizara mbili, tume moja, mkurugenzi mmoja, afisa elimu wilaya, afisa elimu kata, na juu ya hapo Mkuu wa Wilaya anayepita na msafara. Mzazi akiuliza kwa nini darasa la tatu halina mwalimu wa hesabu, anaweza kuzungushwa kwa watu hao wote kwa mwezi mzima na kila mmoja akawa amesema kweli.

Kamati imebakiwa na nini? Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na kanuni zake, pamoja na nyaraka zilizofuata, zimeipa kamati kazi ya kusimamia shule kwa niaba ya wananchi: kupitisha mpango wa shule na bajeti yake, kufuatilia mapato na matumizi, kulinda mali na majengo, kufuatilia mahudhurio ya watoto na kuwa daraja kati ya walimu na wazazi. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Ukizisikia kazi hizo zinaonekana ndogo. Si ndogo. Fedha ya shule hailipwi bila kikao kukaa na muhtasari kuandikwa, na muhtasari una sahihi za wajumbe. Hapo ndipo nguvu ilipo. Mamlaka yote ya kamati ya shule yako kwenye karatasi moja yenye majina na sahihi, na ndiyo maana karatasi hiyo inatafutwa sana.

Tukumbushane kidogo tulikotoka, wazee wanalijua hili kuliko sisi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, tukaambiwa ni Madaraka Mikoani. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, lakini yalikwenda na maofisa kutoka Dar es Salaam, na mwananchi akabaki mtazamaji. Zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984, na Katiba yetu sasa, Ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo na lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 2002 ukaja MMEM. Wale waliokuwa kwenye kamati enzi hizo wanakumbuka semina, fedha kuingia akaunti ya shule, wazazi wakichimba msingi wa darasa na kamati ikihesabu nondo moja moja. Mwaka 2009 sekondari nazo zikahamishiwa halmashauri. Na tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, fedha ya uendeshaji inatoka juu na kuingia moja kwa moja akaunti ya shule bila kupita halmashauri.

Hapo watu wengi walidhani kamati imepewa nguvu. Tutazame hesabu. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi elfu kumi kwa mwaka. Elfu nne inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Elfu sita inakuja shuleni, sawa na shilingi mia tano kwa mtoto kwa mwezi. Shule yetu, tukisema watoto mia tisa, ni laki nne na nusu kwa mwezi: chaki, karatasi, mitihani, michezo, bati lililopeperuka, kitasa cha mlango. Na si kila mwezi inakuja kama inavyotarajiwa. Kabla ya hapo kamati ilikuwa inaamua pia michango. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ukafuta ada na michango ya lazima, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku walimu kushika mchango wowote. Mzazi alipumua, na sisi tulishangilia. Lakini tuseme ukweli wote: ile fedha ndogo ambayo kamati ilikuwa inaikusanya yenyewe na kuipangia yenyewe ndiyo iliyokuwa inamfanya mwenyekiti wa kamati asikilizwe. Sasa fedha inatoka juu na maelekezo yanatoka juu, na kilichobaki chini ni sahihi.

Hata posho inasema kitu. Mwalimu mkuu ana posho ya madaraka laki mbili kwa mwezi, afisa elimu kata laki mbili na nusu, na wanastahili, kazi ni ngumu. Mjumbe wa kamati hana hata nauli. Anafunga genge lake saa tatu asubuhi, anafika shuleni, anakuta kikao kimeahirishwa. Wiki inayofuata analetewa daftari nyumbani: "mama saini hapa, kikao tulikaa kwa dharura."

Na hapa tunajisema wenyewe. Mwanachama wa tawi hili, mtu wetu, aliwahi kusaini muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa. Alipewa soda na shilingi elfu tano. Tulijua mwezi uliofuata na tukanyamaza kwa sababu ni mwenzetu. Kwa hiyo mtu akisimama akasema tawi linajifanya safi, tunamwambia keti, tumeshasema.

Tuendelee na upande wa pili, maana haki haina upande mmoja. Kuna watu wanataka tuseme kamati ipewe kila kitu na wilaya isiingilie. Hatusemi hivyo, na tutawaambia kwa nini.

Mnakumbuka mambo ya mahindi. Kamati iliyopita, wazazi wazuri tu, ilipitisha kila mtoto alete debe la mahindi na kilo za maharage kwa ajili ya uji na chakula cha mchana. Mkutano ulikubali kwa sauti kubwa. Njaa darasani ni adui, hakuna anayebisha. Lakini kukawa na bibi analea wajukuu watatu, hana shamba, anaishi kwa kufua nguo za watu. Wajukuu wakarudishwa nyumbani siku mbili, wakati wenzao wanapiga foleni na mabakuli. Nani aliwarudisha darasani? Si kamati. Si sisi. Ni ofisi ya elimu ya wilaya, iliyopigiwa simu na mwalimu mmoja wa kike, ikaandika barua kwamba mtoto hafukuzwi shule kwa ajili ya mchango, na ikasimamia. Wilaya ilivunja uamuzi wa wazazi walio wengi, na ilifanya sawasawa. Waraka uko wazi: mchango ni wa hiari, na mtoto haadhibiwi kwa umaskini wa nyumbani kwao.

Tena yako mengine. Mwenyekiti wa kamati anayempa shemeji yake kazi ya kuleta mchanga. Kamati inayomchukia mwalimu kwa sababu ya dini yake au kabila lake na kutaka ahamishwe. Mambo hayo yapo, hayahitaji kutafutwa mbali. Anayekuja kuyazuia lazima awe mtu asiyekaa mtaa mmoja na shemeji. Na mkurugenzi, tusimwonee, hesabu za shule zikiharibika Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anamwandikia yeye, si mama wa maandazi. Anayejibu hoja za ukaguzi lazima awe na namna ya kuagiza. Afisa elimu naye ana shule nyingi, gari moja, na mafuta ya kuomba.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Wilaya iwe na uwezo wa kuzuia kamati isimwonee mtoto na isile fedha. Kamati iwe na uwezo wa kusema hapana pale karatasi inaposema kitu ambacho macho hayakukiona. Uwezo wa wilaya upo, una ofisi, una gari, una polisi. Uwezo wa kamati upo kwenye kanuni lakini hauna mlinzi isipokuwa wazazi. Kamati ya watu kumi ikiitwa ofisini, wazazi mia nne wakiwa wanajua imeitiwa nini, mazungumzo yanakuwa ya adabu. Wazazi wasipojua, inakuwa yale mliyosikia.

Kuhusu hayo ya kulala ndani, tuseme kidogo, maana ndiyo yanayowafanya watu waogope kugombea. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Uwezo huo upo, hatuwezi kuwadanganya. Lakini sheria hiyo imeuwekea mipaka. Ni kwa ajili ya mtu anayevunja au anayeelekea kuvunja amani, ambaye hakuna njia nyingine ya kumzuia. Sababu ziandikwe. Saa 48 zikipita bila kupelekwa mahakamani, anaachiwa. Mjumbe wa kamati ya mapokezi aliyehesabu mifuko tisini na kukataa kuandika mia na ishirini hajavunja amani ya mtu. Tena na afisa elimu, mhandisi, mtendaji wa kata hawana uwezo huo kabisa. Mtu asiye na uwezo huo akikutishia nao, mwulize kwa adabu: "Mheshimiwa, naomba uniandikie." Mara nyingi maneno yanaishia hapo.

Sekondari ya kata ni habari nyingine na hatutakaa sana. Pale kuna bodi, siyo kamati, na wajumbe hawachaguliwi kwenye mkutano kama hivi. Majina yanapendekezwa na kuthibitishwa na ngazi za juu. Matokeo yake mnayaona: bodi ina wastaafu wenye heshima, wafanyabiashara, mwakilishi wa hiki na kile, na mzazi wa kawaida hajui hata mmoja wao anaitwa nani. Hilo linahitaji mabadiliko ya kanuni, na tumelipeleka ngazi ya wilaya ya chama. Kwa sasa tunachoweza ni kumwomba diwani alete majina ya wajumbe wa bodi kwenye mkutano wa hadhara wa kata, wasimame, tuwaone sura.

Sasa jambo lililotugawa sisi wenyewe kwenye kamati ya utendaji ya tawi. Baadhi ya wenzetu, vijana hasa, walisema: kama ni hivyo, Jumamosi tuingie na orodha yetu, tujaze kamati watu wa chama, watu wasioogopa. Tulibishana hadi usiku. Uamuzi uliopita, na haukupita kwa kura nyingi, ni kwamba tawi halitakuwa na orodha. Mwanachama yeyote aliye mzazi pale agombee kama mzazi, na mwenzetu wa chama kingine agombee kama mzazi. Kamati ikishakuwa ya chama, siku mama wa maandazi atakapokataa kusaini wataacha kuzungumzia saruji na kuanza kuzungumzia rangi ya kadi yake. Hesabu yake ya mifuko itageuka siasa. Na siku chama chetu kikiwa ndicho chenye mkurugenzi na mkuu wa wilaya, nani atakataa kusaini?

Wale waliopinga uamuzi huo wapo hapa, wana hoja zao na wana haki ya kuzisema. Hoja yao kubwa ni kwamba wenzetu wa upande wa pili hawatajizuia kama tunavyojizuia. Inawezekana. Basi dawa ni wazazi wengi mkutanoni, orodha ya mtu haifui dafu mbele ya watu mia nne.

Kwa Jumamosi, tunaomba hivi.

Njooni. Baba na mama wote wawili mkiweza, na mlezi pia ni mzazi: bibi, shangazi, kaka mkubwa anayemlipia mdogo wake daftari. Mkutano ukianza, kabla ya ajenda ya tatu, ombeni taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na muulize kwa nini haijabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, maana inatakiwa ibandikwe. Ulizeni kwa heshima. Mwalimu mkuu wetu si adui, yeye mwenyewe amebanwa katikati, huku kamati, kule wilaya, na siku hizi manunuzi yanapitia mfumo wa NeST na malipo yanapitia mifumo mingine ambayo mjumbe wa kamati haioni hata kwa mbali. Tumependekeza, na mwalimu hakukataa, kwamba kila oda ikishapitishwa kwenye mfumo ichapwe nakala moja na iwekwe kwenye faili la kamati. Karatasi moja ni shilingi mia moja kwa yule kijana wa steshenari. Tawi litalipa za mwaka mzima kama ndiyo shida.

Mkifika kwenye uchaguzi, msichague aliyekaa mbele. Tafuteni mtu anayejua kuhesabu na kusoma hati, asiyekopa kwa wauza vifaa, na anayekaa karibu na shule. Wanawake wawepo wa kutosha, si mmoja wa kupamba, maana hoja ya vyoo haikutoka kwa mwanaume hata mmoja. Mkishawachagua, chukueni namba zao, na muwape zenu. Mjumbe akiitwa ofisini, ajue kuna watu watano wa kumsindikiza, wakae nje kimya.

Na kamati mpya, yoyote itakayokuwa, kikao chake cha kwanza tunaiomba iandike hoja ya vyoo vya wasichana kwenye muhtasari, mhandisi aje apime, na nakala apewe diwani kwa maandishi, ili mwakani isije ikasemwa kwamba haikuletwa. Diwani yupo hapa, ameitikia kwa kichwa, mmeona wote.

Kuhusu mama yetu: ameulizwa kama atagombea tena. Amesema mume wake hataki, na yeye mwenyewe amechoka. Hatumlazimishi. Ila ametuomba tuseme kwamba ile kalamu aliyoiweka chini siku ile ilikuwa ya shule na aliirudisha, maana kuna watu wamesema aliondoka nayo.

Maswali yaliyoulizwa baada ya hapo tutayatuma kesho na majibu yake, yalikuwa mengi na simu imeisha chaji. Barua yetu tumeipeleka kwa mkono na tuna nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Jibu likija, zuri au baya, tutaliweka hapa hapa kwenye kundi lote kama lilivyo.

Jumamosi, saa nne kamili, uwanja wa shule ya msingi. Mvua ikinyesha tutahamia darasa la saba.

Imetolewa na Katibu Mwenezi kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi. Mtumie na jirani yako mwenye mtoto pale, hata kama si wa chama chetu.